Lenzi Iliyotiwa Mafuta ya Cherehani

Ukiishika lenzi ya zamani ukaielekeza dirishani, kisha ukaizungusha ile pete yake yenye namba, utaona ndani kitu kinachofanana na mboni ya paka. Ni vipande sita vya chuma cheusi, vyembamba kama wembe, vimelaliana kama majani ya kabichi. Ukizungusha huku, vinajivuta pembeni na kuacha tundu pana. Ukizungusha kule, vinakusanyika katikati mpaka tundu linakuwa dogo kama punje ya mtama. Mwanga wote wa picha unapita hapo. Nilikiona kitu hiki kwa mara ya kwanza nikiwa bado nasoma shule ya msingi, na mpaka leo nikikitazama kwa muda nasahau nilichokuwa nafanya.

Lenzi ilikuwa ya mjomba, kaka yake mama. Alikuwa mpiga picha enzi zile ambazo filamu ilipatikana kwa kujuana, na mtu akiipata aliitunza kama mbegu. Mimi nilikuwa mtoto wa aibu. Wageni wakiingia mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Mjomba hakunikemea kwa hilo. Alinipa kamera nitazame.

"Kaa nyuma ya hiki," aliniambia. "Watu watakutazama wasikuone."

Alinifundisha polepole, kwa maneno machache. Kwenye pete kulikuwa na mbili, nne, nane, kumi na sita, na nyingine zenye nukta katikati yake. Nilishangaa kwamba namba ikikua tundu linapungua.

"Ni kama wazee wengine," alisema. "Ndevu zikizidi, maneno yanapungua."

Kila ukipanda hatua moja, nusu ya mwanga inabaki nje. Jua kali la saa sita linataka tundu dogo. Kivuli cha migomba kinataka tundu pana. Tundu dogo lina faida nyingine pia: mtu aliye mbele na mlima ulio nyuma yake vyote vinatoka vimekaza, wala hakuna kinachoyeyuka. Ndiyo maana mjomba alipenda kumi na sita. Picha zake zote za kijijini kwetu Matombo zina milima nyuma, mstari kwa mstari, kama khanga iliyokunjwa.

Kitu kilichonichukua muda kuelewa ni hiki. Unapochungulia kwenye kamera ile, lenzi huwa imefumbua kabisa, hata kama umeiweka kumi na sita. Inafanya hivyo ili wewe uone vizuri. Nyuma ya lenzi kuna kijiti kidogo kama kichwa cha pini. Ukibonyeza kitufe, kamera inakisukuma kijiti, vile vipande vinaruka kujifunga mpaka kwenye namba uliyochagua, mlango wa filamu unafunguka na kufungwa, halafu vipande vinarudi pembeni. Yote hayo ni ndani ya kupepesa jicho. Kwa hiyo mpiga picha anaona kwa tundu kubwa, na filamu inaona kwa tundu dogo, na wala hawaonani. Nililala na wazo hilo siku nyingi.

Mjomba alipofariki, hakuna aliyeuliza kamera iende kwa nani. Kwetu Waluguru vitu vya mjomba vinaweza kwenda kwa watoto wa dada yake. Walichouliza ni kwa nini iende kwa mtoto wa kike.

"Ana jicho," mama alisema. "Kaka yangu alisema mwenyewe, huyu ana jicho."

Basi ikaja kwetu Mafiga, ikakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kwa sababu sikuwa na filamu wala ujasiri.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu vilivyokuwa vimepotea vilirudi madukani vyote kwa pamoja, kama ndugu waliosikia kuna harusi. Sabuni zilikuwa za rangi tatu. Filamu zilipangwa kwenye kabati la kioo mjini, kwenye vikopo vyake, mtu yeyote anaweza kuingia na kununua. Vijana walianza kutembea na kamera nyepesi za plastiki zinazojifanyia kila kitu. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, hakuzifurahia sana siku hizo, maana marobota ya mitumba nayo yalikuwa yamefika. Watu waliacha kushonesha magauni, wakawa wanamletea ya Ulaya ayapunguze viuno. Lakini cherehani yake aliitunza vilevile. Kila jioni aliidondoshea mafuta kwenye matundu yake, akaizungusha kwa mkono, akaisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mdogo wangu wa kike alipomaliza darasa la saba na kuvunja ungo, alipelekwa Matombo kwa bibi, akawekwa ndani. Alikaa huko mpaka mahindi yakavunwa. Siku ya kutolewa ilipokaribia alituma ujumbe kwa dereva wa gari la ndizi, naye akaja kuusema mlangoni kwetu huku injini inanguruma: "Mwali anasema dada yake asisahau kamera. Anasema anataka ajione."

Sisi tulimwelewa. Bibi hakuruhusu kioo kwa mwali. Muda wote ule mdogo wangu hakuuona uso wake, na akishatoka ataanza kuwa mtu mwingine, mwenye kazi na jua na vumbi. Uso ule anaotoka nao mlangoni unakaa siku moja tu. Mama alikuwa na picha ya siku yake, mama mdogo alikuwa nayo, mimi nilikuwa nayo. Zote alipiga mjomba. Sasa mpigaji nilikuwa mimi, na nilikuwa sijawahi kupiga picha mbele ya watu.

Niliitoa kamera sandukuni. Pete ya lenzi ilikuwa imekaza kwa kukaa, nikahangaika nayo, nikaiweka mezani nikaenda kununua filamu. Niliporudi pete ilikuwa inazunguka laini kama siagi.

"Nimekutengenezea," mama alisema. Alikuwa ameshika kile kikopo chake chenye mdomo mrefu. "Chuma ni chuma, mwanangu. Kikikaza kinataka mafuta."

Nilimshukuru. Nilifurahi kweli. Tukapanda juu siku ile ile, tumekaa juu ya magunia matupu kwenye gari la ndizi, kamera mapajani mwangu, na jua likiichoma njia nzima. Barabara ya Matombo inapinda kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Nilisinzia, nikaamka, nikaona bonde limejaa moshi wa jikoni za watu, nikasinzia tena.

Tulimsalimia bibi, akaitikia marahaba akiwa ameinamia sufuria, kisha akaniruhusu kuingia kwa mwali kwa sababu mimi nilishapita uali. Chumba kilikuwa na giza la ubaridi na harufu ya mdalasini. Palikuwa na ufa mmoja kwenye ukuta wa udongo, na mwanga uliingia hapo kama uzi. Mdogo wangu alikuwa amekaa mkekani. Sikumtambua mara moja. Ngozi yake ilikuwa imelainika na kung'aa kama jani changa la mgomba, na sauti yake ilikuwa imeshuka kwa kuzoea kunong'ona.

"Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

"Nipe niichezee. Humu sina hata panya wa kuongea naye."

Niliifungua lenzi kutoka kwenye kamera, nikampa. Akaishika mbele ya ufa na kukibonyeza kile kijiti cha nyuma kwa ukucha, kama mjomba alivyokuwa akitufanyia tukiwa wadogo. Tulitazama wote wawili, mashavu yamegusana. Tundu halikuruka. Lilisogea. Vipande vilianza safari taratibu, kimoja kikimngoja mwenzake, kama wazee wanaotoka kanisani.

"Dada," alisema. "Hii inasinzia."

Nilijaribu mwenyewe. Nilibonyeza, nikaachia, nikabonyeza. Niligeuza lenzi kwenye mwanga nikaona juu ya vipande vile kuna mng'aro wenye rangi za upinde wa mvua. Mafuta. Joto la njiani lilikuwa limeyalainisha, yakatambaa kutoka kwenye pete mpaka ndani. Vipande sita vyembamba, vikilowa, vinashikana kama karatasi zilizonyeshewa. Kamera itafungua mlango wake kabla havijafika popote. Mimi nitachungulia nitaona picha nzuri, na filamu itamezwa na mwanga wote. Mdogo wangu atatoka mweupe kama uji, hana macho wala mdomo.

Nikatoka nje kumwambia mama. Sikujua nimwambieje. Nilimwonyesha tu.

Alitazama kwa muda mrefu. "Labda hayajatosha," alisema. "Niongeze?"

"Hapana, mama!"

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kupaza sauti mbele yake. Bibi akainua kichwa kutoka jikoni. "Tieni limau. Limau linakata mafuta ya kitu chochote."

"Bibi, hiki si chungu."

"Basi majivu."

Mama hakucheka. Alikuwa bado ameishika lenzi, anaigeuza. "Kwa hiyo humu ndani palitakiwa pawe pakavu," alisema taratibu. "Vyuma vinavyokimbia hivyo, na vikavu." Akanirudishia. "Nimekuharibia, mwanangu."

Nilimwambia bado. Nilisema hivyo ili asiwe na huzuni, lakini nilipokuwa nakaa kwenye gogo nyuma ya nyumba, nikizungusha pete na kutazama, nikakumbuka kile kidude cha pembeni. Lenzi ile ilikuwa na swichi ndogo yenye herufi mbili. Mjomba aliiacha siku zote kwenye herufi ya kwanza, ile ya kusubiri kijiti. Niliisukuma kwenye ya pili. Sasa vipande havikungoja kubonyezwa. Vilifuata pete yenyewe. Nilizungusha mpaka kumi na sita, na vikaja, kwa uvivu, lakini vikaja, vikakaa pale pale. Nilichungulia. Dunia ilikuwa imeingia giza kama kabla ya mvua, ila vitu vyote vilikuwapo: migomba, kuku, bibi na sufuria yake.

Basi nikapanga hivi. Asubuhi nitafunga tundu kabisa, nitaliacha limefungwa, na nitapiga juani. Kamera ile haikuwa na kasi ya kuhimili jua na tundu kubwa, lakini kwa tundu dogo itaweza. Sitagusa tena pete. Vipande visinzie vitakavyo, mahali pake.

Asubuhi ilikuja na jua. Nililishukuru kwa sauti. Watu walianza kufika, wanawake wa vitongoji vya juu na chini, wamejifunga khanga mbilimbili, na ngoma zikawekwa karibu na moto ngozi zikazwe. Nilisimama pembeni ya uwanja na kamera yangu kifuani, kila mtu aliponitazama nilitazama chini. Ndani walikuwa wanamvalisha mwali. Ndipo nikasikia ubaridi shingoni.

Ukungu wa Uluguru hauingii kwa mlango. Unaukuta umeshafika. Ulikuwa juu mlimani, kisha ukawa kwenye minazi ya jirani, kisha ukawa uwanjani, na watu waliokuwa upande wa pili wakabaki rangi za khanga bila nyuso. Kengele ya misheni ikalia mahali fulani, kama iko ndani ya maji. Ilikuwa nzuri sana, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yake na tundu la punje ya mtama. Mwanga ule hautoshi hata kidogo. Lazima nilifungue.

Nilizungusha pete kurudi kwenye nne. Nikageuza lenzi, nikachungulia kwa mbele. Tundu lilikuwa bado dogo. Vipande vilikuwa vimegandamana kwa baridi, vikasita, kimoja kikajitingisha. Na wakati huo huo vigelegele vikapasuka, ngoma zikaanza, na mlango ukafunguliwa.

Mdogo wangu alitoka akiwa mabegani mwa mama mdogo wetu mmoja mwenye nguvu, shanga shingoni, macho chini kama alivyofundishwa. Yule mama alikuwa anacheza naye huko juu, anamrusharusha kwa mdundo. Wakapita mbele yangu. Sikuweza kupiga. Tundu halijafunguka, na hata lingefunguka, kwa mwanga ule hafifu mtu anayerushwa anatoka kama moshi. Nikawakimbilia mbele. Wakapita tena. Wangezunguka uwanja kidogo tu, halafu wangempeleka kwenye mkeka, wamfunike, wamzunguke wanawake, na hapo mwali haonekani tena.

"Mpiga picha gani huyu anakimbizana na mwali kama kifaranga!" mwanamke mmoja akapiga kelele, na wengine wakacheka.

"Simameni kidogo," nikasema. Hata mimi sikujisikia.

"Ngoma haina breki, binti! Ikanyage mwenyewe!"

Nilijua maana yake. Kwa bibi yangu ngoma ya mwali haisimamishwi kwa mdomo, awe shemeji au awe katekista. Mwenye shida na mwali anaingia mbele ya ngoma anacheza. Akiwaridhisha wapigaji, wananyamaza, naye anapewa nafasi. Nilikuwa nimeona wengi wakifanya. Mimi siku yangu mwenyewe nililia mabegani mpaka nikashushwa, kwa kuona watu wengi.

Mama alikuwa amefika ubavuni kwangu. "Nipe hiyo," alisema, akimaanisha kamera.

"Mama, tundu halijafunguka. Likifika ukubwa wa kifungo cha shati—"

"Kifungo cha mkono au cha kifuani?"

"Cha kifuani."

"Nakijua. Nenda."

Nikaingia. Sijui nilichezaje. Ninachokumbuka ni ukungu, na kwamba ulinifaa, kwa sababu sikuwaona watu zaidi ya wale wapigaji watatu na mikono yao. Nilicheza kama mtu aliye peke yake chumbani. Khanga ikanifunguka nikaidaka kwa meno. Nikasikia kicheko kikubwa, halafu vigelegele, halafu sauti ya bibi: "Alaa! Kumbe anavyo viungo!" Na mpigaji wa ngoma kubwa akainua mikono yote miwili juu.

Kimya. Matone ya ukungu yakadondoka kutoka kwenye migomba.

"Haya," akasema mpigaji. "Sema shida yako."

"Nataka mwali atulie," nilisema, na safari hii nilisikika.

"Kimefika!" mama alipaza sauti kutoka nyuma. Alikuwa ameiinamia lenzi kama anavyoinamia sindano iliyokataa uzi. "Kifungo kimefika, njoo!"

Nilichukua kamera. Nilichungulia: kiza kidogo, kijivu, na katikati yake mdogo wangu, juu ya mabega yaliyotulia. Nilikaza picha. Siku zetu sisi wengine kulikuwa na jua, na mtu aliyetoka gizani hawezi kuliangalia, kwa hiyo hata asingefundishwa kuinama angeinama. Yeye ukungu haukumuumiza. Aliinua macho, akanitazama moja kwa moja, na alikuwa anajizuia kucheka kwa ajili ya ile khanga ya menoni, na akashindwa.

Nikabonyeza. Nikavuta filamu, nikabonyeza tena. Ngoma zikarudi.

Filamu niliipeleka mjini kusafishwa. Siku ya kuchukua, mama aliifunga cherehani tukaenda wote, na tulipopewa bahasha hakuna aliyetaka kuifungua, tukatembea nayo mpaka nyumbani. Mdogo wangu alikuwa uani anafua. Alijifuta mikono, akachukua picha ya kwanza.

Milima haikuwapo. Ukungu ulikuwa umeichukua yote, na watu waliokuwa nyuma walikuwa vivuli vya rangi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amekaza, mpaka shanga, mpaka tone la maji kwenye nyusi, na meno yote nje.

"Bibi atasema mwali hacheki," mama alisema.

Mdogo wangu alikaa chini pale pale kwenye ukingo wa karo, miguu kwenye maji ya povu, akaisogeza picha karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu.

"Nilikuwa hivi?" aliuliza.

"Ulikuwa hivyo."

"Mbona hamkuniambia?"

Nguo zilibaki kwenye beseni mpaka jioni.